Kliniki ya mimba za hatari, Tudor, Mombasa: ngazi zachosha, daktari asikiliza

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeiondoa kwa ajili ya ngazi, nitazifikia.

Mimi na mke wangu twakaa Likoni, ng'ambo ya feri, na kabla ya kuijua kliniki hii tulikuwa tumepoteza watoto wawili. Mimba zote zilifika mwezi wa tano zikatoka karibu bila uchungu: chupa yapasuka usiku, kufika asubuhi hatuna kitu. Pale tulipokuwa twahudhuria, sipataji, tuliambiwa ni kudra, tukajaribu tena. Kudra naiamini, ila na vipimo navyo viliumbwa.

Hapa daktari hakukimbilia kitanda. Aliomba karatasi zote za zamani, akazisoma mbele yetu, kisha akauliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza. Maji yalitangulia au uchungu? Damu ilikuwa nyingi? Mtoto alitoka akiwa hai? Hilo la mwisho mke wangu alilijibu akiniangalia mimi, maana nyumbani hatukuwa tumelizungumza hata siku moja. Daktari alimwacha aseme mpaka akamaliza. Nje foleni ilikuwa imejaa na hakuna aliyebisha mlango.

Akatueleza kwamba huenda mlango wa kizazi ndio unaolegea kabla ya wakati wake, na mtoto akizidi uzito unafunguka. Dawa yake ni kuushona. Mke wangu alishonwa wiki ya 13, katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, kwa ganzi ya mgongo (bili hiyo ni kando, ulizeni mapema). Kisha ikawa skani ya ndani kila baada ya wiki mbili, tangu wiki ya 16 hadi ya 24. Hofu ni mlango ukiwa mfupi chini ya milimita 25. Wetu ulisoma 31, na daktari aligeuza kioo ili nami nijionee ile mistari. Waume wengine huachwa nje na mkoba. Hapa niliwekewa kiti.

Mkwe wangu alitaka binti yake alale kutwa, miguu juu ya mto. Tukaja naye. Daktari akamwambia kwa adabu, "Mama, kulala hakuzuii mimba kutoka, na damu yaweza kuganda miguuni. Mwache atembee, asibebe mitungi tu." Alikubali kwa shingo upande, na uji wa pilipili manga akaendelea kuuleta hadi kitandani.

Kilichonishangaza zaidi ni swali la nesi mmoja mtu mzima: "Mwanangu, usiku feri ikikwama mtapita wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniketisha tukapanga: namba ya mwenye gari jirani, njia ya Dongo Kundu kutokea Miritini, na dalili za kutongoja, yaani maji, damu, au tumbo kukaza mara kwa mara. Yote akayaandika nyuma ya kijitabu cha kliniki. Vidonge na mashine ya presha utavipata popote mjini. Mtu wa kukuuliza habari ya feri sijamwona kwingine.

Uzi ulitolewa wiki ya 37, palepale kliniki, bila ganzi. Daktari alisema, "Utasikia kidogo." Mke wangu asema hiyo kidogo daktari ataijua siku atakayoshonwa yeye. Binti yetu alikuja wiki iliyofuata, kilo 2.9, na mdomo mkubwa.

Sasa ngazi. Kliniki iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Ngazi hazitoi mimba, tulishaambiwa, lakini mimba ina miezi minane, miguu imevimba, joto la Machi, kila kituo mke wangu alishika ukuta akatukana kwa sauti ya chini. Kiti kimoja tu katikati kingesaidia. Nimewaambia mara nyingi, wao watabasamu tu.

Kumwona daktari tulilipa shilingi 3,000 kila mara, skani mbali, na M-Pesa wapokea. Fikeni mapema, maana foleni ni ya anayetangulia, na simu yao ya mezani haishikwi mchana. Karatasi za mimba zilizotangulia bebeni zote, hata zile zilizochakaa. Bila hizo daktari atawarudisha nyumbani mkazitafute.