Kabla ya kubadilisha kompyuta ya nyumbani, uliza RAM imekaa vipi

Niliuza kompyuta yetu ya mezani iliyotuhudumia miaka tisa, nikaongeza pesa, nikanunua laptopu nyembamba ya kupendeza katika duka moja hapa Kisumu. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa 4GB. Muuzaji akaniambia, "Mama, ukitaka nane utarudi tu tukuongezee." Haikupita miezi mitatu ikaanza kukwama: nikifungua iTax, tovuti ya kulipia kodi, huku mtoto ana masomo yake upande wa pili, kipanya hakisogei. Nikairudisha. Fundi akafungua mgongo wake, akanionyesha kwamba hakuna sloti, yaani nafasi ya kuchomeka RAM. RAM imelehemewa kwenye ubao wenyewe. Haitoki wala haiongezwi. Muuzaji yule yule akanishauri ninunue nyingine.

Kwa hiyo ukubwa wa kioo na uzito utajionea mwenyewe dukani. Mimi nakuomba ukague RAM, maana hakuna anayeiuliza. Mashine ikiwa imewashwa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Soma palipoandikwa "Form factor". Ukiona SODIMM, kwa kawaida ni kipande kinachochomoka. Ukiona "Row of chips", imelehemewa. Usitosheke na mstari wa "Slots used", kwa sababu hata RAM iliyolehemewa inaweza kuhesabiwa hapo kama sloti.

Chaguo langu la kwanza ni kutonunua. Ikiwa ya zamani ina sloti, itie SSD, diski ya kasi, na ufikishe RAM 8GB, utashangaa. Wauzaji wanatutisha kwamba Windows 10 imekufa. Kweli, Microsoft ilikomesha usaidizi wake tarehe 14 Oktoba 2025, lakini ukijiandikisha unapata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo kuna Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure, na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inafunguka vizuri ndani yake.

Ukilazimika kununua, nunua ThinkPad T480. Sifichi, mimi ni wa Lenovo. Hii ni ya 2018, prosesa yake, ubongo wa mashine, kwa kawaida ni ya kizazi cha 8, ambacho Windows 11 inakikubali, na ina sloti mbili za RAM. Tena ina betri mbili: moja ndani, nyingine unaichomoa nyuma na kupachika iliyojaa bila kuzima mashine. Kwa sisi ambao stima hupotea katikati ya kazi, hilo peke yake lingenitosha. Angalia jina hadi herufi ya mwisho, lakini. T480s na T490 zina RAM iliyolehemewa na sloti moja tu, na X1 Carbon haina hata hiyo moja.

Ya tatu ni HP EliteBook 840 G5, ya nne Dell Latitude 7490. Zote mbili zina sloti mbili na kwa kawaida ni za kizazi hicho hicho.

Vile vilaptopu vipya vya bei ya chini, vya Celeron, prosesa dhaifu, na diski ya 64GB, viache dukani.

Kinachoniuma ni haya maduka ya ex-UK, yanayouza mashine zilizotumika kutoka Uingereza. Kibandiko kinasema prosesa ni Core i5, basi. Ukiuliza ya kizazi gani unaambiwa "i5 ni i5", ilhali ya kizazi cha 6 Windows 11 haiitambui rasmi. Na tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote, kwa kuwa viwanda vinapeleka chipu kwenye seva za akili mnemba, kwa hiyo mashine ya 4GB inayouzwa kwa ahadi ya "utaongeza baadaye" ni deni unalobebeshwa. Juzi niliomba duka moja liniwashie laptopu nisome hiyo Form factor. Kijana akasema chaja haipo, nilipe kwanza ndipo aitafute. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.