Polo ya majini ya wanawake: Olimpiki au Mashindano ya Dunia?

Mtu akiniuliza aanze kutazama wapi polo ya majini, mchezo wa kurusha mpira golini ndani ya bwawa, namwambia Mashindano ya Dunia. Huko zinakuja timu 16, Olimpiki ya Paris 2024 zilikuwa 10 tu. Na wanawake walianza kuyacheza mwaka 1986, Madrid, ilhali Olimpiki iliwafungulia mlango mwaka 2000, miaka mia moja baada ya wanaume. Hilo bado linaniuma.

Ila kwa presha, Olimpiki haina mpinzani. Fainali ya kwanza kabisa, Sydney: Australia na Marekani ziko 3-3, zimebaki sekunde 1.3. Yvette Higgins anapewa mpira wa adhabu, anainuka majini hadi kifuani, anaachia mkono. 4-3! Bwawa zima lililipuka. Kumbuka wachezaji hawa hawaruhusiwi kukanyaga chini. Robo nne za dakika nane wanaelea kwa nguvu za miguu, huku chini ya maji wanavutana nguo za kuogelea, mahali ambapo mwamuzi haoni vizuri.

Marekani ilitwaa dhahabu tatu mfululizo, 2012 hadi Tokyo, kisha Paris 2024 ikakosa hata shaba: Uholanzi iliichapa 11-10, na Hispania ikabeba dhahabu.

Mashindano ya Dunia yana raha nyingine, ubingwa unahama. Uholanzi 2023, Marekani 2024, Ugiriki 2025. Tena hulazimiki kusubiri miaka minne. Kama una muda wa mechi moja tu, tafuta ile ya Sydney.