Bima ya tumbaku Urambo: mkadiria hasara alitaka kukagua shamba langu akiwa ndani ya gari

Niseme kabisa mapema: fidia walilipa. Sasa niacheni nitoe la moyoni.

Huku Urambo mvua ya mawe tunaijua. Inapiga shamba lako, la jirani ng'ambo ya njia linabaki linapepea. Msimu ule ilinikuta tumbaku imefika kifuani, majani ya chini ndiyo kwanza tumeanza kuchuma, mabani ya kukaushia yamekandikwa, kuni zimepangwa. Ilipiga muda mfupi tu, basi. Jani la tumbaku likishatoboka, hata ulikaushe kwa ufundi gani, sokoni linashuka daraja, na deni la mbolea halishuki nalo.

Kulipokucha nikapiga simu kampuni, maana hati yao inataka taarifa ya haraka, na inakataza kugusa shamba mpaka mkadiria hasara afike. Sawa. Ila tumbaku haijui kusoma hati. Yaliyoiva yanaungua jua, yaliyochanika yanaoza, mimi nimekaa nayatazama. Kila nikipiga, binti mwenye sauti ya asali ananijibu, "Mama, yuko njiani." Njiani kutoka Dar es Salaam! Kwa muda ule hata mwenda kwa miguu angeshaipita Manyoni.

Siku aliyofika jua lilikuwa la saa nane. Kijana wa rika la kitinda mimba wangu. Gari kasimamisha barabarani, kioo kakishusha nusu, kiyoyozi kinanguruma. Shikamoo hakuna. "Wewe ndiye mwenye shamba? Hebu mtume mtoto alete majani matatu manne niyaone."

Wakaguzi nimewaona wa kila namna, wa chama cha msingi, wa bodi, wa wanunuzi. Wote hushuka. Nikamwambia, "Baba, majani hayaletwi garini. Utayafuata yalipo." Akashuka kanuna, akasimama mstari wa kwanza kando ya barabara, pale miembe ilipokinga mawe, akahesabu mashina machache, akaanza kuandika. Hapo nikamshika mkono wa shati, nasema kweli, nikamvuta hadi katikati ya shamba. Kule ndiko alikonyamaza. Mashina yamebaki na mishipa ya majani tu, nyama yote iko chini imechanganyika na tope lililokauka. Akatoa simu akaanza kupiga picha bila kuambiwa.

Nauliza hivi: mama asiye na mdomo kama wangu angelipwa kwa hesabu ya mstari wa miembe?

Mtaniambia kuna bima isiyohitaji mkaguzi. Ipo. Ndugu yangu wa Igunga anayo ya mahindi, ile ya faharasa ya hali ya hewa: vipimo vya satelaiti vikionyesha eneo lao limekosa mvua kupita kiwango kilichoandikwa, wanalipwa bila mtu kukanyaga shamba. Kwa ukame wa kule naisifu. Lakini kwangu ingenisaidia nini? Mawe yaliniangukia mimi yakamruka jirani, na kwenye vipimo vya mvua ningeonekana nimeneemeka. Hata hivyo alikuja wakala mmoja kuniuzia hiyohiyo kwa ajili ya tumbaku, ati "inafunika kila kitu, mama". Funika wapi! Na mwingine alinipigia hesabu yenye VAT ndani, wakati bima ya mazao ilisamehewa VAT mwaka 2021. Nilimwonyesha mlango.

Turudi kwenye hela. Ziliingia kabla ya masoko kufungwa. Walikata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mkulima hujibebea mwenyewe; hilo niliambiwa tangu siku ya kulipia, sina ugomvi nalo. Kilichobaki kilimaliza deni la pembejeo na ada ya shule ikapatikana humohumo. Kwa hiyo nyota tatu. Nilikaribia kuandika nne.

Ila barua ya malipo ninayo hapa mezani, na nikiisoma damu inachemka upya. Majani ya chini hawakuyalipa. Wameandika yalioza kwa "uzembe wa mwenye bima kutovuna kwa wakati". Uzembe wangu! Nani alinikataza kugusa shamba? Nyota moja, na hiyo ni ya yule binti wa simu, hana kosa. Malalamiko nimeyapeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya 2009 kwa mambo kama haya haya.

Mume wangu anasema nimezidi, bila fidia ile tungeuza ng'ombe. Ni kweli tungeuza. Haya, ziwe mbili, lakini wasinitumie meseji ya kunishukuru.

Wakala wao kashapita tena kutaka nihuishe. Nikamuuliza, "Mkadiria hasara wenu anakaa wapi?" Akanijibu habari za punguzo la ada. Kampuni ya pili wanataka ada kubwa kuliko hao, ila mtu wao yuko Tabora mjini, kwa lami hii asubuhi hiyohiyo yuko kwangu, na namba yake nimepewa. Nikampigia usiku kumjaribu. Alipokea. Nimelipa nusu, nusu nyingine tunabishana kama watanivumilia mpaka masoko yafunguliwe.