Uzoefu wangu wa mazoezi tiba baada ya kubadilishiwa valvu ya moyo

Huduma ninayoieleza hapa ni ya mazoezi tiba kwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo, inayotolewa na kliniki moja binafsi ya fiziotherapia jijini Dar es Salaam. Daktari alinielekeza huko baada ya kubadilishiwa valvu ya mitrali (mmoja wa milango inayoelekeza damu ndani ya moyo), iliyoharibiwa polepole na homa ya rumatiki niliyoipata utotoni kutokana na maambukizi ya koo ambayo hayakutibiwa ipasavyo. Valvu niliyowekewa ni ya bandia ya kaboni, hivyo nitatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yangu yote.

Siku ya kwanza hawakunipandisha kwenye mashine yoyote. Mtaalamu alisoma ripoti ya eko, yaani kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, akaweka vidole juu ya kidari changu na kuniambia nikohoe, ili ahisi kama pande mbili za mfupa uliokatwa bado zinachezacheza, kisha akanitembeza kwenye korido kwa dakika 6 na kupima umbali niliofika, pamoja na presha na oksijeni kabla na baada. Mfupa huo huchukua takribani wiki 8 hadi 12 kuunga, na katika kipindi hicho mgonjwa hatakiwi kubeba vitu vizito, kuvuta wala kusukuma. Habari ya ndoo ya maji niliijua tangu wodini, lakini ni yeye aliyeniuliza nasafiri vipi kutoka Kimara, akanieleza kwamba kujishikilia kwenye bomba la basi la mwendokasi lililojaa nako ni kuvuta. Swali hilo peke yake lilitosha kunifanya nimwamini.

Kilichonifaa kuliko vyote ni kufundishwa kupima juhudi bila kutegemea saa ya mkononi. Natumia bisoprololi, ambayo hupunguza kasi ya mapigo, kwa hiyo mapigo yanaweza kuonekana ya chini hali mwili umeshachoka. Ukutani wamebandika kipimo cha Borg, kinachoanzia 6, yaani kutulia kabisa, hadi 20, ambapo mtu hawezi tena kuendelea, na mimi niliwekewa kiwango cha kati ya 11 na 13. Kila baada ya muda mfupi aliniuliza, “Mama, uko namba ngapi?” na jibu langu lilipaswa kuwa sentensi kamili, nilipoikata katikati ili kuvuta pumzi, alipunguza kasi ya mashine papo hapo. Kabla ya hapo niliogopa kila mdundo, hasa usiku ambapo mlio wa valvu husikika waziwazi chumbani. Kuzoea kuhema mbele ya mtu anayeijua mipaka yangu ndiko kulikoniondolea hofu hiyo, na sidhani kama ningeweza kuishinda kwa kutembea peke yangu mtaani, tena kwenye vilima vya kwetu.

Kwa sababu ya warfarini walikataa katakata mazoezi ya kugongana au yenye hatari ya kuanguka, wakanipa baiskeli ya ndani na, kidari kilipounga, mikanda laini ya mpira ya kuvuta. Mapaja yaliponiuma walinizuia kununua dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani, kwani ikichanganywa na warfarini huongeza hatari ya kutokwa na damu.

Kasoro zipo, na ninaona ni haki kuzisema. Bei ni kubwa na bima yangu haikuilipia, jambo linalonisikitisha kwa ajili ya wagonjwa wenzangu, maana ugonjwa huu wa moyo utokanao na homa ya rumatiki huwapata zaidi watu wa familia zisizo na uwezo, wengi wao wakiwa bado vijana. Vipindi vyote ni vya asubuhi, hivyo aliyerudi kazini hulazimika kuomba ruhusa. Karatasi ya mazoezi ya nyumbani nayo ni ya Kiingereza. Mimi niliandikiwa ya Kiswahili kwa mkono baada ya kuomba, lakini mzee niliyekuwa naye kwenye zamu yangu alitegemea mjukuu wake amsomee.

Pamoja na hayo naipendekeza, hasa kwa aliyetoka hospitali akiwa na karatasi isemayo “fanya mazoezi mepesi” bila maelezo zaidi. Anayekwenda achukue ripoti ya eko, orodha ya dawa zake zote na majibu ya karibuni ya INR (kipimo cha jinsi damu inavyoganda), kwa kuwa bila hivyo hawamwanzishii mazoezi.