Magofu ya karanga, Kongwa: nendeni na mzee wa pale

Nimeendesha tingatinga miaka 14, kwa hiyo niliposikia kwamba Kongwa kuna ardhi iliyomshinda Mwingereza na mitambo yake yote, nilitaka kuiona kwa macho yangu. Julai nilipanda basi kutoka Dodoma, nikashuka Mbande, nikamalizia kwa bodaboda.

Safari ya kwanza ilinikera. Kijana aliyenitembeza alinipitisha haraka haraka, picha mbili, akadai chake. Wiki iliyofuata nikarudi, nikampata mzee mmoja wa pale. Tulizunguka saa nne. Nilimpa elfu ishirini, na mpaka leo naona nilimpunja.

Magofu yenyewe ni misingi ya zege iliyomezwa na miiba, na nyumba kuukuu za enzi zile. Mpango wa karanga wa Serikali ya Uingereza ulianza 1947. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3, Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi kutoka Ufilipino, na mengine yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa. Hapo mimi nilisimama kabisa. Mzee alichimba kidogo kwa kisigino, akanipa udongo mkononi: mwekundu, una mchanga mkali kama msasa. Huo unakula jembe la trekta upesi, na jua likiwaka unakauka kama tofali, karanga haing'oki. Mvua nayo ya Ugogo, yaani huku Dodoma, ndiyo hii tunayoijua, haba. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kuachana na mpango, pauni milioni 36 zimekwenda.

Mibuyu bado ipo. Tuliuzunguka mmoja kwa hatua zangu, nikahesabu 19. Mti wa aina hii unaweza kuishi zaidi ya miaka elfu, na ukichunwa gamba unaliotesha tena. Niliweka kiganja shinani nikawaza yule dereva wa mwaka 47 aliyeuelekezea bledi, lile bamba la mbele la tingatinga. Namwelewa sana yule mtu.

Msikose pia makaburi ya wapigania uhuru. Baada ya karanga, miaka ya 60, Kongwa ilipokea wapiganaji wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia na wengine. Pale tulinyamaza.

Kasoro ipo, tena inaniuma: sikuona kibao hata kimoja cha kueleza chochote, na watu wanachora majina yao kwenye mibuyu kwa visu. Vaeni viatu vigumu, bebeni maji lita mbili kila mtu.

Stendi nilinunua karanga za kukaanga kwa mama mmoja. Kalima mwenyewe, ekari moja, kwa jembe la mkono. Tamu kweli.

Nitarudi mvua zikikaribia na mama watoto. Mzee anasema mbuyu hufungua maua usiku na popo huyafuata, kwa hiyo tulale kulekule, tubebe tochi.