AudioMoth kwenye dimbwi la msimu: kinasikia vyura, hakioni maji

Anayetaka kujua mabadiliko ya tabianchi yanawafanya nini vyura wa madimbwi ya msimu ana maswali mawili. Walianza kuimba lini? Na je, maji yalikaa mpaka viluwiluwi wakaota miguu na kutoka? Kwa swali la kwanza, kinasa sauti cha AudioMoth ni kizuri mno. Kwa swali la pili hakisaidii chochote, na wengi hulitambua hilo msimu ukiwa umeshapita.

Kifaa hiki ni kazi ya Open Acoustic Devices, kundi lililoanzishwa na watafiti wa vyuo vikuu vya Southampton na Oxford, Uingereza. Ni kibao cha saketi cha milimita 58 kwa 48, unene 15, kikubwa kidogo kuliko kiberiti. Kinabeba betri tatu za AA na kadi ndogo ya microSD. Hakina kioo, na kinaendeshwa kwa swichi moja yenye nafasi tatu: USB/OFF, DEFAULT na CUSTOM (ile inayofuata ratiba uliyopanga). Mipangilio yote hufanywa kwa kompyuta, kwa programu isiyolipiwa.

Hapa tunakipima kwa kazi moja tu, yaani madimbwi ya pwani ya Kenya kama yale ya msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi, yanayojaa masika na vuli kisha yakakauka kabisa. Humo huzaa vyura-matete wa jenasi Hyperolius, chura wa povu Chiromantis xerampelina, na vyura wakubwa wa Pyxicephalus ambao hujifukia ardhini kiangazi kizima na kuibuka kwa usiku chache tu baada ya mvua kubwa. Hao wa mwisho ndio wanaofanya kinasa kiwe cha lazima. Mtu anayetembelea dimbwi mara moja kwa wiki anaweza kuwakosa mwaka mzima.

Mipangilio inayofaa ni hii: herzi 16,000 (mara ambazo kinasa hupima sauti kila sekunde), unyeti wa kati, rekodi ya dakika moja kila baada ya dakika kumi, kuanzia jioni hadi alfajiri. Usishawishike kushuka hadi herzi 8,000 ili kuokoa nafasi. Kinasa hunasa sauti hadi nusu tu ya kiwango hicho, na baadhi ya vyura-matete wadogo huimba juu ya herzi 4,000, kwa hiyo utarudi na faili ambazo hawamo. Kwa herzi 16,000, dakika moja ni karibu megabaiti 1.9. Usiku wenye urefu wa saa kumi na mbili una rekodi 72, karibu megabaiti 138, hivyo kadi ya gigabaiti 32 inatosha zaidi ya usiku 200. Betri zinaweza kuisha mapema kuliko hapo, na programu yenyewe hukadiria ni miliampia-saa (mAh) ngapi za betri zitatumika kwa siku kabla hujaondoka mezani.

Kosa linaloharibu data nyingi kuliko yote ni la saa, na sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego wa ziada. Vyura wanapopamba moto saa moja usiku, saa ya kompyuta inasema 19:00, na kinasa kikiachwa kwenye UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, kinaandika 16:00. Ukiandika 18:00 kwenye ratiba ukidhani ni saa za hapa, kumbe programu iko kwenye UTC, kinasa kitaamka saa tatu usiku na utakuwa umepoteza saa tatu za mwanzo, ambazo ndizo zenye kelele. Chagua saa za hapa kwenye programu, au toa saa 3 kila mahali, na uandike kwenye daftari ni lipi ulilofanya.

Tena, betri zikitolewa saa hupotea. Huwezi kubadilisha betri porini ukarudisha swichi kwenye CUSTOM ukaenda zako. Beba kompyuta, au ile programu ya simu inayotuma saa kwa mlio ambao kinasa huusikia kwa maikrofoni yake. Kabla ya kuondoka tazama taa: kijani ikimetameta, kinasubiri zamu yake; nyekundu ikiwaka, kinarekodi. Taa zote mbili zikimetameta kuna kasoro, usikiache.

Betri ziwe za alkali. Zile za kaboni za bei rahisi huporomoka nguvu kadi inapoandika. Kadi bandia zimejaa madukani, basi jaza kila kadi faili hadi ukomo wake na uzisome tena kabla ya kuipeleka kazini.

Kwa kinga dhidi ya maji, wengi wamezoea kukitia katika mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, na hata bila marufuku mfuko huchacharika kwa upepo na matone huupiga kama ngoma. Nunua kasha gumu lenye utando wa kupitisha sauti, tia ndani kipakiti cha silika cha kufyonza unyevu, na ulifunge kwenye mti kimo cha kifua, tundu la maikrofoni likitazama dimbwi, mbali na matawi yanayodondosha maji. Mvua kubwa bado itafunika kila kitu. Huo ni udhaifu wa kweli, kwa kuwa usiku wa mvua kubwa ndio usiku wa vyura wakubwa. Msaada pekee ni ule mpango wa dakika kumi kumi, unaonasa mapengo kati ya manyunyu. Arabuko-Sokoke kuna tembo pia, kwa hiyo usichague mti ulio kando ya njia yao.

Jambo moja ambalo wengi hawalitumii: kila faili ina maelezo mwanzoni yanayotaja tarehe, saa, volti za betri na halijoto. Ni joto la ndani ya kasha, na mchana jua hulipotosha, ila usiku linatosha kulinganisha usiku wenye joto na wenye baridi.

Sasa maji. Chura huanza kuzaa kwa mvua ile ile ambayo mkulima hupandia, na hudanganywa nayo vilevile. Mvua ikinyesha siku tatu kisha jua likawaka wiki tatu, AudioMoth itakuletea kwaya ya kupendeza na utaandika kwamba msimu ulikuwa mzuri. Dimbwi la kina cha sentimita 20 linalopoteza milimita 6 kwa siku linakwisha kwa siku 33, bila kuhesabu maji yanayonywewa na ardhi. Chura wa povu ndiye anayeonyesha hasara waziwazi: hutaga kwenye tawi lililo juu ya maji, povu hukauka nje na kubaki bichi ndani, na baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka. Ukingo wa maji ukiwa umesharudi nyuma mita moja, wanadondokea tope lililopasuka. Kinasa hakisikii hilo.

Joto nalo lina pande mbili. Maji ya vuguvugu huharakisha ukuaji, lakini hukauka upesi na kushika oksijeni kidogo. Viluwiluwi wa spishi kadhaa hujihimiza maji yanapopungua, wakatoka wakiwa vyura wadogo wenye akiba ndogo ya mwili. Ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua haba katika Pembe ya Afrika na mashariki na kaskazini mwa Kenya, ulifuatwa na mafuriko ya vuli ya 2023. Mafuriko huunganisha dimbwi na mto, na kambale akishaingia viluwiluwi hawana pa kujificha.

Kwa hiyo kabla ya kununua AudioMoth ya pili, nunua vitu vitatu. Kigingi chenye alama kila sentimita 2, kikachomekwa penye kina kirefu zaidi na kusomwa mara mbili kwa wiki. Vipima joto viwili vya kujirekodi, kimoja sakafuni mwa dimbwi na kingine kivulini hewani: maji yakiwepo, tofauti ya mchana na usiku kule chini ni ndogo; siku tofauti hiyo inapoanza kufanana na ya hewani, dimbwi limekauka. Na wavu wa mkono wenye matundu ya milimita 3, kupiga mikokoto kumi ya mita moja kila ziara, ukihesabu viluwiluwi walioota miguu ya nyuma kando na wasioota.