Guardiola au Simeone: nani umpe timu?

Makocha hawa wawili wote walicheza kiungo, ila hawakufanana hata kidogo. Guardiola hakuwa na mbio wala misuli. Aliishi kwa pasi ya mguso mmoja. Simeone aliishi kwa kugombea mpira, na mpinzani wake ungemwonea huruma.

Kwenye benchi ni vilevile. Guardiola alianza na Barcelona 2008, akaenda Bayern, kisha Manchester City 2016. Mataji matatu makubwa msimu mmoja ameyabeba mara mbili, 2009 na 2023. Sawa, lakini pesa haikuwahi kumpiga chenga.

Simeone aliikuta Atlético Madrid ikiyumba Desemba 2011. Mei 2014 alikwenda Camp Nou, uwanja wa Barcelona, akihitaji sare tu; wakafungwa kwanza, beki wake Godín akasawazisha kwa kichwa, 1-1, ubingwa wa Hispania. Siku saba baadaye, fainali ya Ulaya jijini Lisbon, wakiongoza, Ramos wa Real Madrid akawasawazishia dakika ya 93. Miguu ikaisha, wakalala 4-1 muda wa nyongeza.

Kwa burudani namchukua Guardiola. Kwa klabu isiyo na fedha za kutisha, mpeni Simeone, na mashabiki wazoee kushinda 1-0.